My 21st Century Blues ya RAYE: kalamu imerudi kwa mwenyewe

Albamu ya kwanza huwa ndiyo barua ya utambulisho ya mwanamuziki, lakini My 21st Century Blues, iliyotoka tarehe 3 Februari 2023, ilimkuta RAYE, mwimbaji na mtunzi wa Uingereza, akiwa amekwisha kusikika redioni na katika kumbi za starehe kwa miaka mingi. Alisikika kwenye nyimbo za ma-DJ waliomwalika aimbe, na kalamu yake ilikuwa imewatungia wasanii wakubwa, Beyoncé akiwa mmojawapo, huku yeye mwenyewe hana hata albamu moja kamili yenye jina lake. Tathmini hii ninaiandika kwa ajili ya msikilizaji anayejiuliza kama albamu hii inastahili fedha zake, na kama inastahili, achukue toleo lipi, kwa kuwa yapo mawili: lile la studio na lile lililorekodiwa jukwaani katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, mbele ya hadhira. Jibu langu la swali la kwanza ni ndiyo, bila kusita. La pili linahitaji maelezo kidogo, na maelezo hayo hayatenganiki na historia ya msanii mwenyewe.

Jina lake kamili ni Rachel Agatha Keen. Alizaliwa mwaka 1997 na kukulia kusini mwa London, baba yake akiwa Mwingereza na mama yake akiwa na asili ya Ghana na Uswisi. Alisoma BRIT School iliyoko Croydon, shule ya sanaa isiyotoza ada ambayo Adele na Amy Winehouse waliipitia kabla yake, akaondoka baada ya miaka miwili. Mwaka 2014 aliweka mtandaoni mkusanyiko mfupi wa nyimbo zake uitwao Welcome to the Winter; Olly Alexander wa kundi la Years & Years akazisikia, akazipeleka kwa kampuni ya kurekodi iliyokuwa ikitoa muziki wa kundi lake, Polydor, na binti huyo akiwa na miaka 17 akatia saini mkataba wa albamu 4.

Albamu hizo hazikutoka. Yaliyotoka yalikuwa ni nyimbo mojamoja na mikusanyiko mifupi, pamoja na ushirikiano uliofanikiwa mno sokoni, kama vile You Don't Know Me alioimba na Jax Jones mwaka 2016 na Bed alioimba na Joel Corry na David Guetta mwaka 2021, ambazo zote mbili zilifika nafasi ya 3 katika chati ya Uingereza. Mwishoni mwa Juni 2021 uvumilivu ulimwishia, akaandika hadharani kwamba tangu mwaka 2014 hajaruhusiwa kutoa hata albamu moja, kwamba amebadilisha mitindo ya muziki kila alipoambiwa abadilishe, kwamba nyimbo zake zinakaa kwenye mafaili zikila vumbi au kugawiwa wasanii wengine, na kwamba idhini ya kuanza albamu ilikuwa imefungwa kwenye matokeo ya wimbo mmoja uliokuwa sokoni wakati ule. Mwezi uliofuata yeye na kampuni hiyo wakaachana.

Inafaa kueleza uzito wa hatua hiyo, kwa sababu msikilizaji asiyejua biashara ya muziki anaweza kuiona kama ugomvi wa kawaida wa kikazi. Katika mkataba wa namna ile, kampuni hugharamia kurekodi na kutangaza, humpa msanii malipo ya awali ambayo hurudishwa kutokana na mapato, na aghalabu humiliki rekodi zenyewe, yaani masta. Ndiyo maana kampuni huwa na kauli ya mwisho juu ya nini kitoke na lini kitoke. Anayejitegemea hulipa gharama kutoka mfukoni mwake au mwa wanaomwamini, kisha huingia makubaliano na msambazaji anayezifikisha nyimbo sokoni kwa kuchukua sehemu ya mapato, huku masta zikibaki mkononi mwa msanii. RAYE alichagua njia hii ya pili kupitia kampuni ya usambazaji ya Human Re Sources, akisimamiwa na baba yake mzazi. Kwa hiyo kila uamuzi unaosikika katika albamu hii, uwe mzuri au mbaya, ni wake, na hilo linasikika tangu dakika ya kwanza.

Albamu ina vipande 15. Kinachofungua ni utangulizi uliotengenezwa kama mwanzo wa onyesho la usiku: mshereheshaji anamkaribisha msanii, watu wanapiga makofi. Kisha Oscar Winning Tears inaingia, na hapo ndipo kipaji chake chote kinajitandaza. Wimbo unamhusu mwanamume aliyetenda kosa kisha akalia machozi ya kuigiza ili yeye ndiye aonewe huruma. Nyuzi za okestra zinapanda kwa mtindo wa sinema za kale, chini yake kuna ngoma nzito za hip-hop, na sauti ya RAYE inapita kati ya hizo mbili bila kuchagua upande: mara anaongea kama mtu anayemsimulia rafiki yake jambo jikoni, mara anaachia noti ndefu ya juu ambayo mwimbaji wa jazi angejivunia. Watunzi wengi wa pop wangeridhika na kupata kiitikio kizuri. Yeye anaandika mandhari, mtu na kitendo, kisha kiitikio kinakuja kama hukumu.

Hard Out Here, ambao ndio wimbo wa kwanza alioutoa baada ya kuwa huru, unawaelekea moja kwa moja wakubwa wa biashara ya muziki. Hazungumzi kwa mafumbo. Anarap zaidi ya kuimba, vina vikifuatana kwa kasi, na hasira yake ina nidhamu ya mtu aliyefikiri kwa muda mrefu aseme nini siku atakapopewa nafasi ya kusema. Mike Sabath, mtayarishaji aliyeshiriki katika sehemu kubwa ya albamu, anastahili pongezi hapa kwa kujua lini anyamazishe ala na kuyaacha maneno yafanye kazi.

Escapism, aliouimba na rapa wa Marekani 070 Shake, ndio uliomfikisha RAYE kwa wengi. Ulitoka Oktoba 2022, ukasambaa kupitia TikTok, na Januari 2023 ukakamata nafasi ya kwanza katika chati ya Uingereza, wimbo wake wa kwanza kufika huko baada ya miaka yote ile. Aliousikia kwa vipande vifupi vya mtandaoni anaweza kudhani ni wimbo wa kujirusha tu. Ukisikilizwa wote, ni simulizi ya mwanamke aliyeachwa, anayejipodoa, anayekunywa, anayetafuta mwili wa mgeni usiku mmoja ili asihisi chochote, na kadiri mdundo unavyozidi kuvutia ndivyo hali yake inavyozidi kutisha. Mwishoni mdundo unapungua kasi na kulegea, kama kichwa cha mlevi kinapoanza kuzunguka, na aliyekuwa akicheza anajikuta amesimama akisikiliza. Sijui watunzi wengi wa kizazi chake wanaoweza kulitenda hilo ndani ya wimbo unaopigwa disko.

Katikati kabisa ya albamu, kipande cha 8, kuna Ice Cream Man. Humo RAYE anasimulia namna alivyodhalilishwa kingono na mtayarishaji wa muziki, mahali alipokwenda kufanya kazi. Mwenye kovu usidhani kapoa, na wimbo huu unaijua kweli hiyo: hauanzi kwa kilio, unaanza kwa sauti ya chini, karibu sana na maikrofoni, mtu akikumbuka alivyoingia mlangoni na alichotarajia kukutana nacho. Kisha anayasema yaliyotokea kwa maneno ya kawaida kabisa, anazungumzia ukimya wake mwenyewe na jinsi ulivyomla, na anafunga kwa kujitangaza kuwa mwanamke jasiri na mwenye nguvu, akilirudia tamko hilo kana kwamba analijenga upya kila anapolitamka. Ninauhesabu kuwa wimbo bora wa albamu hii. Nathari ya kisheria au mahojiano ya televisheni yasingeweza kubeba kile ambacho dakika hizo chache zinabeba.

Hapo ndipo pia ninapokuta kasoro kubwa ya mpangilio. Mara tu baada ya Ice Cream Man, kabla msikilizaji hajapata hata nafasi ya kuvuta pumzi, inakuja Flip a Switch, wimbo wa kujibu mapigo kwa mpenzi msaliti, mzuri kwa nafasi yake lakini uliokaa pasipo pake. Sehemu ya pili ya albamu haina mshikamano wa ile ya kwanza. Body Dysmorphia, kuhusu namna mtu anavyoweza kuuchukia mwili wake mwenyewe, umeandikwa kwa ujasiri na unatia baridi. Environmental Anxiety unataka kusema mambo mengi mno kwa wakati mmoja, na hofu yake kuhusu hali ya dunia, ingawa ni ya kweli, haipati mtu wala kisa cha kuibeba kama zinavyopata nyimbo nyingine. Five Star Hotels, alioimba na Mahalia, ni laini na unapita. Worth It ni wimbo wa mapenzi wenye jua ndani yake na unarejesha furaha, kisha Fin inafunga kwa shukrani kwa wasikilizaji na waliomshika mkono, shukrani ambazo katika albamu nyingine zingekuwa ziada, lakini hapa zimelipiwa.

Sasa toleo la pili. Tarehe 26 Septemba 2023 RAYE aliipeleka albamu nzima Royal Albert Hall, akisindikizwa na Heritage Orchestra na kwaya ya Flames Collective, na usiku huo ukatolewa kama albamu iitwayo My 21st Century Symphony. Nilidhani ingekuwa ni zile nyimbo zilezile zilizovalishwa fidla. Sivyo. Nyimbo zilizokuwa zimebanwa na mashine za studio zinapanuka. The Thrill Is Gone, ambao tangu mwanzo ulikuwa na roho ya soul ya zamani, unapata bendi unayoistahili, na Oscar Winning Tears unafika pale ambapo toleo la studio liliishia kupaonyesha kwa kidole. Hata tatizo la mpangilio linapungua, kwa sababu kati ya wimbo na wimbo RAYE anazungumza na watu, anacheka, sauti inamtetemeka, na msikilizaji anapewa ule muda wa kupumua ambao studio ilimnyima. Kinachopotea ni Escapism. Okestra inaupa ukubwa, ila inaupunguzia ile hatari ya usiku wa manane, na kwa wimbo huo toleo la studio halina mpinzani.

Wakati wa kutoka kwake albamu ilifika nafasi ya 2 Uingereza, na tarehe 2 Machi 2024, katika tuzo za Brit, tuzo kuu za muziki za Uingereza, RAYE alichukua tuzo 6. Rekodi ya awali kwa usiku mmoja ilikuwa 4, iliyoshikiliwa na Blur, Adele na Harry Styles. Miongoni mwa tuzo zake ilikuwamo ya mtunzi bora wa mwaka, ambayo hakuna mwanamke aliyekuwa ameipata kabla yake, na ya msanii mpya, miaka 10 baada ya mkataba wake wa kwanza. Alipopokea ya albamu bora alimpandisha jukwaani bibi yake mzaa mama. Kwangu mimi tuzo ya utunzi ndiyo yenye maana kuliko zote, kwa kuwa RAYE ameendelea kusema wazi kwamba watunzi wa nyimbo wanapaswa kupata sehemu ya mapato ya rekodi, mbali na mrabaha wa utunzi ambao mara nyingi hugawanywa kati ya watu wengi hadi mtunzi chipukizi abaki na makombo. Anazungumza kama mtu aliyekula makombo hayo.

Kwa anayeweza kuchukua toleo moja tu, ningemshauri achukue la ukumbini, kisha aongeze Escapism ya studio peke yake. Mpenzi wa R&B na hip-hop asiyevutiwa na okestra aanze na la studio, na asilisikilize kupitia spika ya simu, kwa sababu besi na sauti za nyuma zilizopangwa tabaka kwa tabaka hupotea kabisa; spika za masikioni za kawaida zinatosha. Lugha ni ya watu wazima na mada za ulevi na udhalilishaji hazifunikwi, kwa hiyo si albamu ya kuwawekea watoto, na aliyewahi kupitia yaliyosimuliwa katika Ice Cream Man ajue mapema kwamba kipande cha 8 kipo, aamue mwenyewe kama atakisikiliza siku hiyo. Atakayemaliza yote na kutaka kujua RAYE ameufanyia nini uhuru wake baada ya hapo, autafute Genesis wa mwaka 2024, wimbo wa dakika 7 wenye sehemu 3, unaoanza kwa maungamo ya mtu aliyelemewa na kuishia kwenye jazi ya bendi kubwa.