Farasi wa Mbio za Masafa Marefu: Malisho au Matembezi Baada ya Mashindano?
Baada ya mbio za kilomita 160, mapumziko kamili malishoni hayamdai mpandaji muda mwingi, nayo huzipa kano na mifupa, ambavyo hujiimarisha polepole kuliko moyo na misuli, nafasi ya kupona. Hofu kwamba farasi atapoteza stamina yake yote kwa majuma machache haina msingi, na nasikitika kuona ikiwarudisha farasi wengi kazini mapema mno. Matembezi mepesi ya kila siku yanahitaji msimamizi, lakini hushinda pale ambapo farasi angebaki zizini, kwa kuwa huchochea mzunguko wa damu na kupunguza uvimbe wa miguu. Farasi mchanga aliyemaliza akiwa hoi ningempa malisho. Mzoefu mwenye miguu mizima, asiye na uwanja wa malisho, matembezi.