Mapigo mafupi ya diodi ya leza: kukatakata umeme au kufunga modi?

Njia ya kwanza, kukatakata umeme, ni ya fundi mwenye haraka: unaishtua diodi, chipu ndogo inayogeuza umeme kuwa mwanga wa leza, kwa umeme wa ghafla. Elektroni zinajaa kupita kiasi, mwanga unalipuka, nawe unakata umeme kabla mlipuko wa pili haujafuata. Unapata mpigo wa makumi ya pikosekunde (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde), na idadi ya mapigo kwa sekunde unaipanga mwenyewe kwa kuzungusha kitufe. Ubaya wake, kila mpigo unaanza upya na fotoni (chembe za mwanga) za kubahatisha, kwa hiyo muda wake huyumba.

Kufunga modi, yaani kuyafanya mawimbi ya mwanga ndani ya diodi yaende kwa mpangilio mmoja, ni habari nyingine. Kipande cha chipu kinapewa volti ya kinyume na kugeuka kifyonza mwanga. Mwanga dhaifu kinaumeza; mkali unakishibisha, unapita. Mpigo uleule huenda na kurudi kati ya vioo vya ncha za chipu, ukichongwa kila safari hadi kufikia pikosekunde chache, hata moja. Ila urefu wa chipu ndio bosi: milimita 1, ambamo mwanga hutembea polepole mara 3.5 kuliko hewani, hutoa mapigo kama bilioni 43 kwa sekunde, utake usitake.

Na ule mdundo wa Rabi, elektroni kupanda na kushuka kwa kufuata wimbi la mwanga? Katika joto la kawaida, kugongana huzisahaulisha fazi, yaani hatua yao katika wimbi, ndani ya femtosekunde 100 hivi, sehemu ya kumi ya pikosekunde moja. Mapigo ya njia zote mbili ni marefu mno kuuona.

Kwa kupima mng'ao wa molekuli ningechukua ya kwanza bila kusita. Kwa saa ya mawasiliano ya nyuzi za kioo, ya pili.