Mashine ya Kupimia Sukari: Ipi Ununue Tanga Ukiwa Ndiyo Kwanza Umeambiwa Una Kisukari

Ukishaambiwa hospitali ya Bombo kwamba una kisukari aina ya pili, kila atakayekupa pole atakwambia ukanunue mashine ya kupimia nyumbani. Ushauri ni mzuri. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaingia famasi tukaulizia bei ya mashine, tukachukua ya bei nafuu, na baada ya muda mfupi mashine imelala kabatini kwa sababu stripu, vile vipande vyembamba vya kuwekea tone la damu, zimekwisha na hazipatikani tena mjini. Mashine unainunua mara moja, lakini stripu utazinunua miaka na miaka. Basi anza na stripu.

Kabla hujatoa hela, pita famasi tatu: moja karibu na hospitali, moja Ngamiani, na moja mtaani kwako, iwe Makorora au Chumbageni. Usiulize "mna mashine?" Uliza "stripu za mashine gani hamkosi?" Jina litakalotajwa na wawili kati ya hao watatu lina uzito kuliko sifa yoyote nitakayoitaja hapa. Kisha chukua bei ya kopo, igawe kwa idadi ya stripu zilizomo, 25 au 50, ujue kila ukijitoboa unatumia shilingi ngapi. Zidisha kwa vipimo vyako vya mwezi. Hapo ndipo utajua mashine ya bei poa ni nafuu kweli au la.

Jambo la pili ni kipimo kinachoandikwa kwenye kioo. Daktari wako ataongea kwa milimoli, yaani mmol/L, kwa hiyo nunua inayosoma hivyo. Mashine zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani husoma kwa miligramu, mg/dL, na mama akiona 126 nyumba nzima inapata kiwewe bure. Gawa kwa 18: hiyo ni 7.0.

Nafasi ya kwanza: isiyo na kodi (namba ya kulinganisha na kopo la stripu, si kodi ya serikali), inayotosheka na tone dogo

Kama famasi zako zinaleta stripu za Contour Plus, chukua hiyo. Inahitaji damu mikrolita 0.6 tu, jibu linatoka kwa sekunde 5, na damu ikiwa haikutosha una nusu dakika ya kuongeza kwenye stripu ileile. Mtu anayeanza, mkono bado unatetemeka, huharibu stripu nyingi, na kila iliyoharibika ni hela. Mashine nyingine isiyo na kodi, yenye stripu za uhakika hapa mjini, naiweka kundi hilihili.

Ya pili: Accu-Chek Active

Hii inataka tone kubwa zaidi, mikrolita 1 hadi 2. Uzuri wake ni kwamba nyuma ya stripu kuna kidirisha kinachobadilika rangi, nawe unakilinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kopo. Namba na rangi zikikataana, unajua pale pale kwamba kuna kasoro. Kwa mzee asiyeiamini mashine, hiyo ni faraja kubwa.

Ya tatu: zenye kodi, mfano On Call Plus

Kila kopo jipya huja na chipu yake ya kuchomeka kwenye mashine, na namba itakayotokea kwenye kioo lazima ilingane na iliyoandikwa kwenye kopo. Zisipolingana, jibu si la kuaminika. Ni mashine nzuri kama nyumbani yupo mwenye macho ya kukagua namba kila kopo linapobadilishwa. Kwa bibi anayeishi peke yake na macho yameanza kufifia, siishauri.

Ya nne: sensa (kifaa cha kuhisi sukari) ya kubandika mkononi

FreeStyle Libre 2 hukaa kwenye mkono siku 14, nawe unasoma sukari kwa simu. Haipimi damu yenyewe, inapima majimaji yaliyo chini ya ngozi, hivyo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Kwa anayechoma insulini mara nyingi kwa siku ni msaada mkubwa sana. Kwa aliyeanzishiwa vidonge vya metformini peke yake, naona hela hiyo ikanunue stripu na kulipia kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu.

Mashine ya zawadi kutoka Muscat au Uingereza ishukuru, lakini usiitegemee mpaka upate stripu zake Tanga. Na usinunue kabisa saa au pete inayotangazwa kupima sukari bila kutoboa ngozi. Februari 2024, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya kwamba haijaidhinisha hata moja. Stripu za mkojo nazo hazifai kazi hii: sukari huanza kuonekana kwenye mkojo damu ikishafika kama 10, na ikishuka mno hazikuambii kitu.

Joto la Tanga na stripu zako

Stripu nyingi zinatakiwa zikae chini ya nyuzi 30, na kipindi cha kaskazi mchana wetu unapita hapo. Ukiona duka limezipanga dirishani juani, ondoka. Nyumbani zisikae juu ya friji wala ndani yake, wala kwenye gari. Unyevu wa pwani ni adui mwingine: toa stripu moja, funga kopo papo hapo, na usizihamishie kwenye chombo kingine, kwa sababu kopo lenyewe limewekewa kikausha unyevu. Andika juu yake tarehe uliyolifungua, maana za kampuni nyingi hazidumu hadi tarehe ya mwisho ya kopo lililofungwa.

Ukishainunua, ijaribu

Siku ya kliniki nenda nayo. Wakikutoa damu ya maabara kabla hujala, jipime dakika ileile. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinaruhusu tofauti ya asilimia 15 sukari ikiwa 5.6 au zaidi. Maabara ikisema 10.0, mashine ikasoma 8.8 au 11.2, iko sawa. Kwa hiyo usihangaike kwa sababu kidole kimoja kimesema 7.4 na kingine 7.9.

Osha mikono kwa maji na sabuni, ukauke vizuri. Msimu wa machungwa ya Muheza nalisisitiza zaidi: ukimenya chungwa kisha ukajitoboa bila kunawa, mashine itapima sukari ya chungwa, na kufuta kwa spiriti pekee hakutoshi. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, huko maumivu ni madogo.

Namba bila saa haina maana. Andika kama ni kabla ya chai au saa mbili baada ya kuanza kula. Watu wazima wengi hulengwa 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya kula. Wazee na wenye maradhi mengine daktari huwalegezea. Pima kabla na baada ya mlo mmoja, leo wali wa nazi, kesho ugali na samaki, utaona mwenyewe sahani ipi inakupandisha. Chini ya 3.9 imeshuka: kunywa vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Waliopewa vidonge vya glibenklamidi wako karibu zaidi na hatari hiyo, basi wanunue stripu za ziada. Mashine ikiandika HI, sukari imepita upeo wake, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kwa wanaofunga Ramadhani: ongea na daktari kabla ya mwezi kuandama. Kujitoboa kidole hakuvunji saumu. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, fungulia.

Kitobozi kisichangiwe, hata na mume au mke, kwa sababu ya homa ya ini. Sindano zilizotumika ziweke kwenye chupa ngumu yenye kifuniko na uzirudishe kliniki.