Sanduku la majaribio ya kani na mwendo: mizani safi, reli ya kuhangaika nayo

Nafundisha fizikia sekondari, na sanduku hili nimelitumia muhula mzima na wanafunzi ambao chochote kinachovunjika watakivunja. Ndani mna kigari cha nusu kilo, reli ya plastiki ya mita moja, kapi, mawe ya gramu 50 na 100, kipande cha mbao chenye ndoano, kigonga nukta (kifaa kinachopiga nukta kwa vipindi sawa kwenye utepe wa karatasi unaovutwa na kigari) na utepe wake, na mizani mbili za springi zinazosoma hadi nyutoni 10. Niseme mapema: ningelinunua tena kwa sababu ya mizani na ile mbao. Kigari na reli yake vina kesi ya kujibu.

Mbao ina gramu 500. Unatia mizani kwenye ndoano, unaivuta taratibu juu ya meza. Usomaji unapanda na mbao imetulia tuli, hadi karibu nyutoni 2, kisha inachomoka na mizani inashuka hadi nyutoni moja na nusu hivi. Hakosekani mwanafunzi wa kuapa kwamba mizani imeharibika. Iko sawa: msuguano wa kitu kilichotulia huweza kufika juu kuliko wa kitu kinachotembea. Sasa ilaze mbao kwa ubavu wake mwembamba, na kabla hujavuta waulize kani itakuwaje. Karibu wote watasema itapungua, maana eneo linalosuguana limekuwa dogo. Mizani inasoma palepale. Ongeza juu yake mawe ya gramu 500, kani inakuwa maradufu. Mabishano ya jaribio hili yamewahi kutoka nasi hadi nje ya darasa.

Kuwa na mizani mbili ni jambo ambalo masanduku mengi hulibania. Ziunganishe ndoano kwa ndoano, mpe moja mtoto mwenye misuli na nyingine mtoto mdogo kuliko wote. Zinasoma sawa. Funga moja kwenye mguu wa meza, vuta nyingine: bado sawa. Kanuni ya tatu ya Newton, iliyochapishwa mwaka 1687, kwamba kila kani hujibiwa na kani sawa iliyo kinyume chake, inaeleweka hapo bila kuimbwa. Ila mizani hizi zimepimwa sifuri zikiwa zimening'inia. Ukizilaza husoma chini kidogo, kwa hiyo zungusha skrubu ya juu kwanza. Kijitabu hakisemi lolote kuhusu hilo.

Hicho kijitabu ndicho kilichonikera zaidi. Kwenye jaribio la kigari kuvutwa na jiwe la gramu 50 linaloning'inia kwenye kapi, kinagawa uzito wa jiwe, nyutoni 0.49, kwa tungamo la kigari peke yake na kupata mchapuko (kiasi cha kasi kinachoongezeka kila sekunde) wa 0.98 m/s². Jiwe nalo linaongeza kasi! Tungamo linaloburutwa ni kilo 0.55, na jibu ni 0.89. Mwanafunzi anayefuata kijitabu atalaumu msuguano kwa kosa la mwandishi.

Reli imeunganishwa katikati, na kigari kinaruka kidogo kikifika kwenye kiungo. Kwenye utepe utaona nukta zimevurugika hapohapo. Gundi ya karatasi juu ya kiungo inasaidia. Vilevile, ili msuguano usivuruge hesabu, inua reli kidogo upande mmoja mpaka kigari kikisukumwa kiteremke bila kubadili kasi, nukta zikiwa na nafasi sawa, ndipo utundike jiwe. Ukishafanya hivyo mambo yananyooka: kigonga kinapiga nukta 50 kwa sekunde (palipo na umeme wa hezi 60 zitakuwa 60, hesabu upya), hivyo nafasi 10 ni sekunde 0.2. Kata utepe kila nafasi 10, bandika vipande wima sambamba, na kila kimoja kinakizidi kilichotangulia kwa takriban sentimita tatu na nusu. Grafu imejichora bila kalamu.

Kapi ni laini, mawe yamekatwa vizuri, sina la kusema. Anayetaka kumnunulia mtoto wa nyumbani aache. Kigonga nukta kinahitaji mtu mzima awepo, na kwa kelele zake, chumba kisicho na mtu aliyelala. Shule inunue, iagize karatasi ya kaboni ya akiba, na ule ukurasa wa kigari usahihishwe kwa kalamu kabla kijitabu hakijagawiwa.