Dodoso au Maabara: Njia Mbili za Kumchuja Mchangiaji Damu

Nchini Tanzania, mchangiaji damu hujibu dodoso kabla ya kutolewa damu, kisha damu yake hupimwa VVU, homa ya ini aina ya B na C, pamoja na kaswende. Kwa uhakika maabara inaongoza, kwa kuwa haitegemei ukweli wa mtu anayeulizwa na mhudumu asiyemfahamu kama amepata mpenzi mpya hivi karibuni. Hata hivyo, aliyeambukizwa VVU siku chache zilizopita huwa bado hajatengeneza kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na maambukizi), hivyo kipimo kinachozitafuta humwonyesha kuwa salama ilhali virusi vimo. Kipimo cha vinasaba vya virusi hufupisha kipindi hicho hadi takriban siku 10, lakini ni ghali na hakikiondoi kabisa.

Dodoso, kwa gharama ndogo, huweza kumzuia mtu huyo mapema, mradi aulizwe faraghani. Ndugu aliyekuja kumchangia mgonjwa, akihojiwa huku shemeji zake wakisikiliza, atajibu “hapana” kila swali. Kwa maoni yangu, kosa hapo ni la mpangilio wa chumba kuliko la dodoso lenyewe.