TAHADHARI: Huyu kijana wa "dawa ya kutu" anayepita majumbani Kigamboni

Jamani naandika na hasira, mnisamehe nikikosea herufi. Ile Toyota Carina ya mzee, marehemu baba, mnaijua, na kwa nini haiuzwi mnajua, sirudii. Basi imeoza. Siyo imeshika kutu, IMEOZA, na aliyeiozesha nilimlipa kwa mkono wangu mwenyewe, tena nikampikia chapati.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa pili, naanika nguo. Kijana akagonga geti, ovaroli ya bluu imepigwa pasi, shikamoo mama mbili tatu, ndoo mkononi. Hakusema anauza kitu. Alisema, "Mama, naomba tu nikuonyeshe kitu kwenye gari lako, ukinifukuza naondoka." Akapiga goti, akatoa spana, akawa anagonga lile boksi la bati linalopita chini ya milango. Ngi, ngi, ngi, alipofika karibu na tairi la nyuma, dap. Kama anagonga papai. Akaniangalia kwa huruma ya daktari. "Hili lilikuwa linavuka na pantoni?"

Sasa niambieni, ningeachaje kumwamini? Miaka yote kabla daraja halijafunguliwa 2016 mzee alivuka na pantoni asubuhi na jioni. Kijana alinieleza ukweli mtupu, na hilo ndilo linaloniuma. Alisema chumvi yenyewe haili bati, inayahimiza maji na hewa yalile haraka. Akasema kuna magari yanatoka Japani, yale ya upande wa Hokkaido, yakiwa yameshapita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyusha theluji, sisi tunanunua rangi inayong'aa juu hatuinami kuangalia chini. Nikasema moyoni, huyu amesoma. Akaniinamisha na kanga yangu, akanionyesha vitundu vidogo chini ya mlango. "Hivi ni vya kutolea maji mama. Vikiziba, maji yanalala ndani, gari linaoza kwa ndani huku nje linameremeta." Mvikumbuke hivyo vitundu.

Kisha ukaja msumari. Aliomba msumari wowote wenye kutu, nikaung'oa mimi kwenye banda la kuku, wangu, si wake, msije mkasema alikuja nao. Akachovya brashi kwenye kichupa kidogo, akapaka, tukasubiri tukiongea habari za mvua. Baada ya muda ule wekundu ukageuka mweusi wa wino. "Kutu imekufa mama." Ulipokauka nikaufikicha, haukuacha rangi mkononi. Mwanangu akapiga makofi.

Alitaka laki tatu. Tukashushana mpaka laki mbili na arobaini, na waranti ya miaka mitano, kadi kabisa, ina muhuri! Akaniomba nikae mbali, dawa ina kemikali, nisije nikakohoa. Nikaenda jikoni kusukuma chapati. Na sasa nikikumbuka, sikusikia hata mara moja mtu akikwangua bati. Nilisikia muziki wa simu yake, na brashi, pwaa, pwaa. Dakika hamsini kamaliza, chini kote nyeusi tii, inang'aa, inapendeza. Nikamwongeza elfu kumi ya soda. Akaniagiza gari lisioshwe kwa chini miezi mitatu, "dawa ikomae", nami nikawa nawakemea waosha magari wa watu kama mwehu.

Masika ikaingia. Nikikanyaga breki nasikia chubwi, chubwi, nikadhani ni dumu la maji kwenye buti. Kapeti la nyuma likawa bichi, linanuka kisima. Mwezi wa sita nikapata pancha kule Kibada, kijana wa gereji akaweka jeki pale pale inapowekwa siku zote. Gari halikunyanyuka. Jeki ndiyo iliyoingia, ikazama kwenye bati kama kidole kwenye andazi la moto, na maji meusi yakanimwagikia miguuni mbele ya bodaboda wote wa kijiweni. Mmoja akauliza, "Mama, umebeba kisima?" Wakacheka. Nikacheka nao, halafu nikazunguka nyuma ya duka nikalia.

Fundi wangu wa bodi, yule wa mtaa wa Gerezani, alikwangua kwa bisibisi, akanusa, akanyamaza. Lami. Lami iliyolainishwa kwa petroli ikachanganywa na oili chafu, imepakwa juu ya matope, juu ya magamba ya kutu, maana hata kuoshwa gari halikuoshwa. Palipokuwa na matobo kasokota magazeti akapiga puti. Raba za miguu ya mbele zimevimba kwa ile oili. Na vile vitundu vya maji, vile alivyonionyesha YEYE, vyote kaviziba kwa lami, kimoja kimoja. Kukata na kuchomelea bati jipya pande zote mbili ni laki saba, rangi bado.

Ile ya kwenye kichupa, fundi anasema, huenda ilikuwa dawa kweli. Zipo. Zina tindikali ya fosforasi, au tanini, ile ile iliyomo kwenye chai ya rangi, ikikutana na kutu inaigeuza nyeusi. Lakini ni kwa kutu nyembamba inayobaki baada ya kupiga brashi ya waya na msasa, kuosha chumvi yote na kukausha, halafu praima, halafu rangi, na ndani ya boksi inapulizwa nta. Bati lenye tobo halina dawa, linakatwa. Kwa hiyo msumari wa banda la kuku ulipata dawa, gari la marehemu baba likapata lami.

Nataka akamatwe. RB ya polisi nimeshafungua. Ila kabla hajaenda ndani, nataka alazwe chini ya hiyo Carina jua la saa saba na mswaki mkononi, aikwangue lami yake mpaka nione bati, mimi niko pembeni nasukuma chapati na simpi hata moja. Na aliyemchongea ule muhuri wa waranti alale naye pembeni. Msimpige lakini, nisisikie mmemchoma mtoto wa watu. Mshikeni, mnipigie.

Mtamjuaje? Anapaka saa hiyo hiyo, haoshi. Hataki umwangalie. Ndoo yake haina lebo, na pesa anataka mkononi, risiti hana. Tembeeni na sumaku pia, penye puti haishiki. Mengine yamenitoka, nikikumbuka vile vitundu tu natetemeka.

Mama Jesca, wewe namba yake nilikutumia mimi, nikakwambia "fundi msomi". Nisamehe dada yangu. Usingoje nije. Leo hii tafuta waya mgumu, piga magoti, zibua vitundu vya chini ya milango na vya lile boksi, upande wa abiria usiusahau. Yakitoka maji meusi nipigie, hata usiku.

Kaka yangu wa Arusha nimemwambia nililipa laki na ishirini. Mkikutana naye, ni laki na ishirini.