Godot kwa Mbunifu wa Grafiki Anayehamia Kwenye Gemu: Tathmini

Mbunifu wa grafiki aliyezoea kuandaa lebo, mabango na vifungashio anapotaka kuhamia kwenye utengenezaji wa gemu, jambo la kwanza linalomsumbua ni programu ya kuanzia. Tathmini hii inahusu Godot, injini ya gemu (yaani programu ya kutengenezea gemu) iliyoanzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur huko Argentina, ambayo msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2014 kwa leseni ya MIT, inayomruhusu yeyote kuutumia bure. Nimeipima kwa macho ya mtu anayetoka kwenye usanifu, si ya mwanaprogramu, kwa sababu mengi yanayomfurahisha mwanaprogramu hayamsaidii chochote mtu ambaye kazi yake ni rangi, herufi na mpangilio.

Bei yake ni sifuri, na hailipiwi hata gemu ikianza kuingiza fedha. Jambo hili lilionekana dogo hadi Septemba 2023, kampuni ya Unity, yenye injini shindani, ilipotangaza ada mpya iliyohusishwa na idadi ya mara gemu linaposakinishwa. Ada hiyo ilifutwa mwaka mmoja baadaye, lakini watengenezaji wengi walikuwa wameshaanza kutafuta pa kwenda, na Godot ilipokea sehemu yao. Kwa sisi tunaonunua bando, kuna nafuu nyingine isiyotajwa sana: Godot inapakuliwa kwa chini ya megabaiti 200 na inafunguka bila kusakinishwa, wakati Unreal, injini nyingine kubwa ya gemu, inakula makumi ya gigabaiti kabla hujachora hata mstari mmoja. Kompyuta yenye kadi ya picha ya zamani nayo ina nafasi, kwa kuwa ipo namna ya uchoraji inayotumia OpenGL, teknolojia ya zamani ya michoro, badala ya Vulkan iliyo mpya zaidi.

Thamani yake kubwa kwa mbunifu, hata hivyo, nimeiona kwenye kitu kidogo kabisa, nacho ni kitufe. Katika kazi ya kuchapisha, kitufe ni mchoro mmoja unaokabidhiwa na kusahauliwa. Ndani ya Godot, kitufe hicho kinakudai mitindo mitano: hali ya kawaida, hali ya kishale cha kipanya kikiwa juu yake, hali ya kubonyezwa, hali ya kuzimwa, na hali ya kuchaguliwa kwa kibodi au padi ya kuchezea. Kila mtindo una rangi yake ya usuli, unene wa mpaka, mviringo wa pembe na kivuli, na vyote hurekebishwa kwa namba bila kuandika msimbo. Ukiongeza pikseli 2 za nafasi juu ya maandishi katika hali ya kubonyezwa, neno hushuka kidogo na kitufe huonekana kimezama chini ya kidole. Hali ya kuchaguliwa ndiyo wageni wengi huipuuza, ilhali mchezaji wa padi hana kishale, na bila alama hiyo hajui yuko wapi kwenye menyu. Tena mtindo huo huchorwa juu ya ule wa hali nyingine, hivyo ukiujaza rangi nzito unafunika kila kitu kilicho chini yake. Unatakiwa uwe mstari wa pembeni tu. Somo lililomo humo, kwamba kila umbo lina tabia inayobadilika kadiri mchezaji anavyoligusa, ndilo linalomtenganisha mbunifu wa mabango na mbunifu wa violesura vya gemu, na sijaona programu ya kuchorea inayolifundisha kwa ulazima kiasi hicho.

Mpangilio wa ukurasa nao unahitaji kuzoewa upya. Karatasi ya A4 haibadiliki ukubwa, ila skrini za simu hazifanani, kwa hiyo Godot hukulazimisha kuvifunga vitu kwenye kingo za skrini au kuvitia ndani ya makontena yanayojipanga yenyewe pale maandishi yanaporefuka. Mtu anayeelewa gridi ataipenda sehemu hii baada ya kero za mwanzo. Kihariri chenyewe cha Godot kimejengwa kwa vipengele hivyohivyo, na hilo linatosha kuwa ushahidi kwamba vina uwezo.

Kasoro zipo, na nyingine zinamgusa mbunifu moja kwa moja. Faili za Photoshop na Illustrator haziingii zilivyo. Mchoro wa vekta wa SVG hugeuzwa kuwa pikseli wakati wa kuingizwa, maandishi yaliyomo hayaonekani yasipogeuzwa kuwa maumbo kwanza, na michoro yenye madoido mengi huweza kutoka na dosari, hivyo ni salama zaidi kutoa PNG. Rangi za CMYK za uchapishaji zisahau. Kuna pia kuandika msimbo, kwa kawaida kwa GDScript, lugha inayofanana na Python, jambo ambalo huwezi kulikwepa kabisa, ingawa uhuishaji wa menyu unaweza kufanywa wote kwa fremu muhimu katika AnimationPlayer, zana ya uhuishaji ya Godot. Kutoa gemu kwa PlayStation, Xbox au Nintendo Switch hakumo ndani ya programu, kwa sababu ya mikataba ya usiri ya makampuni hayo, na hupitia kampuni za pembeni.

Je, itakupatia kazi? Kwa jina lake pekee, sidhani. Matangazo mengi ya studio kubwa hutaja Unreal au Unity, na upunguzaji wa wafanyakazi wa mwaka 2023 na 2024 umewaingiza sokoni watu wenye uzoefu wa miaka mingi. Gemu kama Brotato, Dome Keeper na Cassette Beasts, zote zilizotengenezwa kwa Godot, zinaonyesha kuwa nafasi yake iko zaidi kwa timu ndogo. Hata hivyo, ina njia nzuri ya kuonyesha kazi: unaweza kuitoa menyu au skrini yako kwa ajili ya kivinjari na kuiweka itch.io, tovuti ya kuchapishia gemu, bila malipo, mwajiri akaibonyeza mwenyewe badala ya kutazama picha iliyoganda. Steam, duka la gemu za kompyuta, inatoza dola 100 kwa kila gemu na Google Play dola 25 za mara moja, gharama ambazo hakuna haja ya kuzikimbilia wakati bado unatafuta kuonekana.

Ningemshauri mbunifu wa chapa, wa tovuti au wa vifungashio aanze na Godot bila kusita, akiwa analenga kazi ya violesura au gemu za pande mbili. Anayetoka kwenye usanifu majengo au wa ndani, ambaye nguvu yake ni nafasi, mwanga na maumbo ya pande tatu, avumilie gharama ya bando na aende Unreal, kwa kuwa huko ndiko studio zinazomhitaji zinakofanyia kazi.